Tathmini ya Ndege ya BV 141: Upekee wa Umbo na Mantiki ya Usanifu

Ndege ya upelelezi ya BV 141, iliyosanifiwa na Richard Vogt katika kampuni ya Blohm & Voss mjini Hamburg, hutajwa zaidi kwa ajabu ya umbo lake kuliko kwa hoja ya usanifu wake. Mtazamo huo umeifanya ihesabiwe miongoni mwa vioja vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hukumu hiyo imechanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: ubora wa wazo la kiufundi na uamuzi wa kutolizalisha kwa wingi.

Mwaka 1937 Wizara ya Usafiri wa Anga ya Ujerumani ilihitaji ndege ya upelelezi yenye injini moja, itakayobeba watu watatu na kuwawezesha kuona vyema pande zote. Masharti hayo yalikinzana. Kwa kawaida injini moja hukaa puani mwa ndege, mbele ya rubani, na hivyo huziba eneo lile lile ambalo mpelelezi anapaswa kulitazama. Kampuni ya Focke-Wulf iliukwepa ukinzani huo kwa kuipa Fw 189 injini mbili, yaani kwa kuliacha sharti mojawapo. Vogt alilishika. Aliiweka injini pamoja na kiwiliwili chenye mkia upande wa kushoto, kisha akakitenga chumba cha wafanyakazi, chenye vioo vingi, upande wa kulia. Kwa hiyo, kutolingana kwa pande hakukuwa pambo. Kulikuwa jibu kwa masharti yenyewe.

Pingamizi la kwanza linahusu uthabiti, kwa kuwa anayeitazama ndege hiyo hutarajia ielemee upande mmoja. Hata hivyo, ndege ya kawaida ya injini moja nayo haiko sawa kikamilifu iwapo angani: mzunguko wa rafadha huivuta upande, na rubani hulazimika kuirekebisha. Vogt alikusudia uzito wa chumba cha wafanyakazi usaidie kusawazisha athari hiyo. BV 141 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Februari 1938, na majaribio yalibainisha kuwa iliongozeka vizuri. Katika toleo la B, sehemu kubwa ya bawa la mkia la upande wa kulia iliondolewa ili mpiga bunduki wa nyuma aone na kulenga bila kizuizi. Ukosefu wa ulinganifu ulikuwa sasa nyenzo ya usanifu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Toleo la A, lililotumia injini ya BMW 132, lilikosolewa kwa upungufu wa nguvu. Toleo la B lilipewa injini ya BMW 801, yenye nguvu za farasi zipatazo 1,560, lakini likakumbwa na hitilafu za mfumo wa haidroliki. Kasoro hizo ni za kweli, ila hazikusababishwa na kutolingana kwa pande. Isitoshe, BMW 801 ilihitajiwa na ndege ya kivita ya Fw 190, ilhali Fw 189 ilitumia injini ndogo za Argus ambazo hazikugombaniwa kiasi hicho. BV 141 zilizoundwa hazikufika 30. Fw 189 zilizidi 800.

Kwa msingi huo, uamuzi wa wizara haukuwa wa kipuuzi. Wakati wa vita, ndege inayoweza kupatikana hushinda ndege iliyobuniwa kwa ustadi. Hata hivyo, uamuzi wa ugavi hauthibitishi kosa la kianga. Mwaka 1996 ndege ya Boomerang ya Burt Rutan wa Marekani iliruka ikiwa na pande zisizolingana, ingawa ilikusudiwa kutatua tatizo jingine: hatari ya injini moja kati ya mbili kuzimika.

Kuitetea mantiki ya Vogt si kuutakasa utawala uliokusudia kuitumia ndege hiyo vitani. Ni kudai tu kwamba usanifu upimwe kwa swali uliloulizwa, kwa jibu uliloleta na kwa ushahidi wa majaribio, kabla ya kuhesabu ni ndege ngapi zilitoka kiwandani. Kwa vipimo hivyo, BV 141 ni jibu sahihi lililokosa injini na wakati.