Mgema, Tembo na Mwenye Kusifu

Methali isemayo "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji" hufundishwa sana katika shule zetu, na wanafunzi wengi huifafanua kwa namna moja: kwamba mtu akisifiwa mno hulewa sifa, kisha huharibu kazi yake. Jibu hilo si baya, ila limetosheka upesi. Limemweka mgema kizimbani peke yake, na kumwacha huru yule aliyesifu. Nia ya insha hii ni kumwita na huyo wa pili, na kuonyesha kwamba methali hii, ikisomwa chini ya mnazi na katika kilabu cha pombe, ni somo la uhakiki kabla ya kuwa somo la majivuno.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akiwa na kotama na kibuyu chake. Hachumi kitu kilicho tayari. Hulifunga karara lisifunuke, hulikata ncha, na kila apandapo huondoa ubale mwembamba ili jeraha lisizibe na maji yaendelee kudondoka. Akikata nene, karara litakwisha kabla ya wakati wake. Asipokata, maji hukoma. Asiposafisha kibuyu, tembo huchacha kabla halijashuka mtini. Tena karara linalogemwa halizai nazi. Basi kila kata ya tembo imelipiwa kwa nazi ambazo hazikupatikana.

Tembo halina subira. Hamira ya asili huanza kulifanyia kazi tangu tone la kwanza. Likishuka asubuhi huwa tembo tamu, jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mchana utamu umepungua, povu limepanda, na ulimi huhisi mchomo mwepesi. Jioni limekuwa tembo kali. Kesho yake uchachu umelitawala, na baada ya siku kadhaa ni siki ya kuungia mchuzi. Raha ya mnywaji stadi imo katika ile saa ya kati, utamu haujaaga na ukali haujashika madaraka. Mnywaji wa namna hiyo hunusa kwanza, huacha funda moja likae ulimini, ndipo anene. Hulitambua la jana lililochanganywa na la leo. Hulitambua pia lililotiwa maji, kwa kuwa maji huondoa uzito wa kinywaji na kuuacha uchachu ukiwa mtupu.

Kwa sababu tembo haliwekeki, hunywewa karibu na mnazi wake, na mara nyingi mgema na mnywaji ni majirani. Hapa ndipo kilabu kinapopata heshima yake. Anywaye bia ya chupa hamjui aliyeipika, wala hawezi kumwambia neno. Anywaye tembo aweza kumwambia mgema leo, naye mgema akajirekebisha kesho alfajiri.

Ustadi huu si wa pwani peke yake. Kule Kilimanjaro, mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa, ikatiwa gome la msesewe ili uchungu uukate utamu wa ndizi. Na wenyeji humpima mpishi kwa mizani hiyo ya uchungu na utamu. Kule Iringa na Njombe, ulanzi unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua huitwa mtogwa ukiwa mtamu, na mkangafu ukiwa mkali. Watu waliokipa kinywaji kimoja majina mawili kwa ladha yake wamekwisha kuanza uhakiki, hata kama hawajapata kuliandika neno hilo.

Turudi sasa kwenye methali. Mwalimu na awaonyeshe wanafunzi kitenzi "akisifiwa". Kiambishi cha kutendwa kimemficha mtenda. Ni nani aliyesifu? Hakutajwa. Nasema ni yule asifuye pasipo kuonja: ajuaye kwamba tembo la fulani ni zuri kwa kuwa lilikuwa zuri mwaka jana, au asifuye ili akopeshwe kata nyingine. Mgema akishagundua kwamba sifa huja vilevile, tembo liwe zima au liwe limezimuliwa, maji yatamshinda vipi kuyatia? Kosa ni lake, lakini mlango ulifunguliwa na mwingine.

Kuna na kosa la pili, ambalo methali haikulitaja: dharau. Wako wanaoziita pombe hizi zote uchafu, wasitofautishe iliyopikwa kwa uangalifu na ile ya hatari. Huyu naye haonji. Mwezi Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli, na wengine walipofuka. Sumu hiyo haikutoka katika karara la mnazi wala katika ndizi. Lakini dharau huvitia vyote katika kapu moja. Na palipo na kapu moja, mpishi mwaminifu hapati faida ya uaminifu wake, wala mnywaji hapati onyo linalomfaa.

Msomaji asidhani kwamba nautetea ulevi. Mlevi ndiye mhakiki mbovu kupita wote, kwani kata ya tano haina ladha. Na nyumba ambamo mshahara huishia kilabuni haiwezi kufarijiwa kwa insha. Mwenye imani imkatazayo pombe naye ana haki yake kamili. Ninalolidai ni dogo: kazi ya mikono ya watu ipimwe na watu waijuao.

Jambo hilo latuhusu sisi watunga mashairi, na walimu pia. Shairi lisifiwalo kwa jina la mtunzi, na insha ipewayo alama nzuri kwa mwandiko wake mzuri, ni tembo lililosifiwa bila kuonjwa. Mwanafunzi akiulizwa maana ya methali hii, basi na aulizwe pia swali la pili: huyo aliyemsifu mgema, je, alikuwa amekwisha kuonja?