Mgongo wa Tiernan haukuwa mahali pa kujificha

Wanaomtetea Edward Cheserek husema kwamba Novemba 19, 2016, pale Terre Haute, Indiana, alizidiwa nguvu, basi. Sikubali. Alizidiwa akili kwanza, miguu ikafuata. Kijana wa Kenya aliyevaa jezi ya Oregon, anayewania taji la nne la mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, kitu ambacho hakuna mwanamume aliyewahi kukifanya, aliamua kukaa nyuma ya Mwaustralia Patrick Tiernan wa Villanova na kusubiri. Kusubiri nini?

Turudie picha. Kilomita 10, baridi, upepo. Tiernan anavuta, Justyn Knight wa Syracuse yupo, Cheserek yupo, wengine wameachwa. Hapo ndipo mbio zilipopotea. Mwaka uliotangulia, Louisville, huyuhuyu Tiernan alivuta vilevile akashindwa kwa mchomoko wa mwisho. Sasa amerudi na dawa ileile, kipimo kikubwa zaidi. Hana siri yoyote! Mtu asiye na mchomoko anavuta mapema kwa sababu mita 400 za mwisho anaziogopa. Kazi yako ni kumfikisha huko akiwa bado na watu ubavuni.

Na humfikishi kwa kumfuata. Unapita mbele, unashika uongozi, halafu unaupooza mwendo taratibu, kona kwa kona. Akitaka kupita, mwache azunguke kwa nje, ale upepo. Akishapita, pumzika kidogo, mpite tena. Kila akirudi mbele amelipa kitu. Cheserek alikuwa na kasi ya kufanya hivyo kuliko mtu yeyote uwanjani. Tiernan alipoanza kukaza, Cheserek hakwenda. Akamwachia mpinzani wake haki ya kupanga kila hatua. Zikiwa zimebaki kama kilomita mbili Mwaustralia akaongeza, pengo likafunguka, na hakuna aliyeliziba. Tiernan 29:22. Knight wa pili, kakimbia vizuri. Cheserek wa tatu, zaidi ya sekunde 20 nyuma.

Chanzo ni mazoea. Uwanja huohuo mwaka 2013, akiwa mwaka wa kwanza chuoni, alimfuata Mkenya mwenzake Kennedy Kithuka wa Texas Tech, bingwa mtetezi, akamwacha mwishoni. Mwaka 2014, hapohapo tena, akamshinda Eric Jenkins wa chuo chake. Ukishinda mara tatu kwa kusubiri, unaanza kuamini kwamba kusubiri ndiko kunakoshinda.

Henry Rono hakusubiri mtu. Akiwa mwanafunzi wa Washington State, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na ile ya mita 5,000 pale Berkeley, 13:08.4, aliikimbia bila mtu wa kumsukuma. Taji la nyika alilichukua 1976, 1977 na 1979. Atakayenikumbusha 1978, alipomaliza nyuma kabisa, naomba anitajie mwanafunzi mwingine aliyechoshwa na rekodi nne. Na Filbert Bayi wa Tanzania? Mita 1,500 za Christchurch, 1974, aliongoza tangu bastola ilipolia, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16, wakubwa wote wakimfukuza. Vijana wa leo wakiona mtu anaongoza mapema wanacheka.

 

Turudi kwa Cheserek. Alimaliza chuo na mataji 17 ya riadha na nyika kwa jumla, wingi ambao hakuna mwanamume mwingine aliyeufikia katika daraja la kwanza la vyuo vya Marekani. Heshima yake ipo. Wataalamu wa meza wataniambia kwamba katika upepo ule aliye mbele ndiye anayeumia, kwa hiyo kujificha ilikuwa busara. Ni kweli kwa kilomita sita au saba za kwanza, na sijamtaka aongoze hizo. Namdai moja tu, ya nane, kabla Tiernan hajaongeza. Hata kama angeikimbia taratibu kwa sekunde tano, Tiernan angelazimika kuanza upya, na Knight, aliyekuwa bado na nguvu, angekuwa tatizo la watu wawili badala ya mmoja.