Kupima Damu Iliyo Mwilini

Songwa, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, watoto wa nguruwe wanaofukua ardhi wana nafuu kuliko wanaofungiwa kwenye sakafu ya saruji: udongo una madini ya chuma. Mtoto wa nguruwe huhitaji miligramu 7 hivi za chuma kwa siku. Maziwa ya mama humpa 1 tu. Asipodungwa sindano ya chuma siku za mwanzo, ngozi hupauka na pumzi humwishia upesi.

Kipimo cha kawaida cha upungufu huo wa damu ni mrija mwembamba wa kioo. Damu huingizwa, ncha moja huzibwa, kisha huzungushwa kwenye mashine dakika 5. Chembe nyekundu hulala chini, plazma, yaani majimaji ya damu, hukaa juu, na katikati hubaki utando mweupe, mwembamba kama uzi. Nakipenda kipimo hiki, ila kinataja uwiano, si ujazo. Nguruwe aliyeharisha mpaka akakaukiwa maji anaweza kuonekana ana damu ya kutosha, kumbe plazma ndiyo iliyopungua.

Ujazo una ufundi wake. Mwaka 1915 Keith, Rowntree na Geraghty walichapisha nchini Marekani njia ya kuupima kwa rangi. Baadaye ikapendwa Evans blue, rangi ya bluu inayoshikamana na protini ya plazma, hivyo haikimbii upesi mishipani. Dunga miligramu 5; ukikuta kila mililita ya plazma ina miligramu 0.01, plazma ni mililita 500. Chembe nyekundu zikiwa asilimia 30, damu yote ni kama mililita 714, kiasi cha kawaida kwa nguruwe wa kilo 10.

Hesabu ni nyepesi. Mkono ndio wenye kazi. Tone moja likimwagikia nje ya mshipa, jibu limeharibika, kwa hiyo fundi makini hulipima bomba la sindano kwenye mizani kabla ya kudunga na baada yake. Tena rangi huvuja polepole. Kwa hiyo fundi hutoa damu dakika ya 10, ya 20, ya 30, huchora mstari, kisha huurudisha nyuma hadi dakika ya kudunga. Uvumilivu huo naustahi sana.

Na ndio uliofichua jambo kubwa: chembe zikipungua polepole, plazma huongezeka kujaza nafasi. Nguruwe mwenye chembe nyekundu asilimia 18 anaweza kuwa na damu karibu mililita 700 vilevile. Mishipa yake imejaa tayari, kwa hiyo akihitaji kuongezewa damu, iingie taratibu, moyo usije ukazidiwa.