Hila ya Magitaa ya The Smiths

Bendi ya The Smiths ya mji wa Manchester, iliyoundwa mwaka 1982 na kuvunjika mwaka 1987, ilikuwa na watu wanne tu: Morrissey aliyeimba, Johnny Marr aliyepiga gitaa, Andy Rourke wa besi na Mike Joyce wa ngoma. Katika muda huo mfupi walitoa albamu nne za studio na santuri nyingi za nyimbo moja moja. Na wapenzi wao, wakiulizwa sababu ya mapenzi yao, aghalabu hutaja maneno ya Morrissey, ambayo kejeli na majonzi vimechanganywa humo hata havitengeki. Sina ugomvi na maneno hayo. Walakini naona kuwa jambo lililoifanya bendi ile itambulikane hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa lilijengwa studio, kwa subira ya fundi, nalo lilikuwa hadaa ya namna yake: msikilizaji hudhani anasikia gitaa moja, kumbe anasikia magitaa kumi au zaidi yaliyofichwa moja nyuma ya jingine.

Marr hakuwa mtu wa solo ndefu. Kaida yake ilikuwa kuzichambua nyuzi moja moja badala ya kuzipiga kwa pamoja, na juu ya uchambuzi huo kuupitisha wimbo mdogo unaotembea bila kusimama, kazi ambayo katika bendi zetu za dansi ingegawanywa kwa mpigaji wa solo na wa rithimu, na pengine wa tatu wa kuwaunganisha. Mfano ulio dhahiri ni This Charming Man, santuri iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1983 chini ya kampuni ya Rough Trade. Wengi waliosikia mlio ule mkali wa kung'ara waliamini kuwa ni gitaa la Rickenbacker, ilhali gitaa kuu lilikuwa Telecaster la mwaka 1954, na nyuma yake, kwa maelezo ya Marr mwenyewe, magitaa yaliyorekodiwa yalikaribia 15: matatu yakiwa magitaa makavu, moja likisikika kinyumenyume kwa mwangwi mrefu, na mwishoni mwa kiitikio mlio wa visu vilivyoangushwa juu ya nyuzi. Visu, ndiyo, vile vya mezani. Asiyeambiwa hatavisikia, na hapo ndipo ulipo ustadi, kwa sababu kila tabaka limewekwa kwa kipimo cha kuinenepesha sauti ya gitaa la mbele bila lenyewe kujitokeza.

Wimbo mmoja tu ulikwenda kinyume cha kaida hiyo na kuiacha hila ionekane waziwazi, nao ni How Soon Is Now?, uliorekodiwa mwaka 1984 katika Jam Studios, London, chini ya uongozi wa mtayarishaji John Porter. Unapoanza, gitaa linatetema kutoka pande zote mbili, likijaa na kupwa kwa kasi, na watu wengi waliousikia redioni walijiuliza ni mashine gani iliyotoa sauti ile. Hapakuwa na mashine ngeni. Ndani ya amplifaya za Fender za aina ya Twin Reverb mna kitaa kidogo kinachowaka na kuzimika, na mbele yake kipo kipande kinachohisi mwanga. Kitaa kikiwaka sauti hupungua, kikizimika sauti hurudi, na kasi ya kuwaka hurekebishwa kwa kuzungusha kitufe. Tatizo ni kwamba kitaa hicho hakina habari na mwendo wa ngoma, wala amplifaya mbili haziwaki kwa kasi iliyo sawa kabisa.

Tadbiri waliyoichukua ilikuwa hii. Kwanza Marr alipiga sehemu yake ya rithimu kwa gitaa la Epiphone Casino huku mtetemo umezimwa, ikahifadhiwa kwenye mkanda ikiwa safi. Kisha ule mkanda ulichezwa, na sauti yake ikapelekwa katika amplifaya nne kuukuu za Twin Reverb, za kushoto zikishikwa na mmoja na za kulia zikishikwa na mwenziwe, kila mtu amekodolea kitufe chake. Mtetemo ukiachana na ngoma, husimamisha mkanda, hurudi nyuma, huanza tena. Kwa njia hiyo walirekodi vipande vya sekunde 10 hivi kwa mara moja. Msomaji anaweza kuona sababu kwa hesabu ndogo: tuseme amplifaya moja inaitangulia nyenzake kwa mitetemo 2 tu katika dakika nzima, basi zikipita sekunde 15 moja itakuwa katika kilele wakati nyingine iko bondeni, na hapo mtetemo umekwisha kuvurugika. Na wimbo wenyewe unakaribia dakika 7.

Nionavyo, hikima kubwa zaidi ilikuwa ile hatua ya kwanza, ya kuurekodi mkono wa mpigaji kabla ya kuugusa mtetemo. Lau wangejaribu yote kwa pamoja, kila kosa la kitaa lingeharibu na upigaji. Walipovitenga, upigaji ulibaki salama mkandani, ukawa tayari kuchezwa mara elfu. Juu ya hayo Marr aliongeza mlio wa kuteleza, ule unaolia kama king'ora cha mbali, aliourekodi mara tatu kupitia kifaa cha kubadili kimo cha sauti, kila mara kwa kimo tofauti; na baadaye alikiri kwamba hakuandika vipimo alivyotumia, na kwamba jambo hilo lilimuudhi kwa miaka. Kazi hiyo yote iliwekwa kwanza upande wa pili wa santuri ya wimbo mwingine, na ilipotolewa peke yake mapema mwaka 1985 ilifika nafasi ya 24 tu katika orodha ya Uingereza.

Gharama ya ujenzi wa namna hii hulipwa jukwaani. Mtu mmoja mwenye mikono miwili hawezi kuzipiga tabaka zile, na kwa hiyo mwaka 1986, walipokuwa na albamu ya The Queen Is Dead, walimwita Craig Gannon awe mpigaji gitaa wa pili, ingawa hakukaa mwaka. Hata hivyo si kila kitu katika albamu ile kilipangwa: ule mlio unaopita katika wimbo wenye jina hilo ulizaliwa pale Marr alipoliegesha gitaa lake huku pedali ya wah ikiwa imeachwa nusu wazi, gitaa likaanza kulia lenyewe, naye akawa na akili ya kurekodi badala ya kunyamazisha.

Tabaka hizo zisingesikika vema kama besi ingekuwa ya kawaida. Rourke hakuifuata mizizi ya gitaa tu. Alipiga nyimbo kamili chini ya wimbo, hata Marr akapata wasaa wa kupamba kwa kuwa nyumba ilikuwa imesimama. Katika mapato, hata hivyo, Morrissey na Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja, na wenzao asilimia 10 kila mmoja. Joyce alifungua kesi, na mwaka 1996 mahakama ya London, ikiifuata sheria ya ushirika ya mwaka 1890, iliamua kuwa haki yake ni robo kamili. Morrissey alikata rufaa, akashindwa mwaka 1998. Rourke, ambaye besi yake naihesabu kuwa nusu ya siri yote, alikuwa amekwisha kupatana nao kabla ya kesi kwa malipo ya mkupuo, na hukumu ile haikumpa kitu.