Ami Asiyekuwa Ami: Nyumba na Siri katika Riwaya za Gurnah

Tangu Abdulrazak Gurnah atunukiwe Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021, kuna swali ambalo halijatulia: huyu ni wetu au si wetu? Wapo wanaosema ni Mzanzibari, kwa kuwa alizaliwa Unguja mwaka 1948. Wengine wanasema ni Muingereza, basi, kwa sababu aliondoka akiwa kijana, akaenda kusoma na kufundisha huko, na Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ubishi wenyewe mtamu, hasa ukiwa na kahawa. Ila ukikaa na vitabu vyake kwa muda unaona kwamba vinauliza jambo jingine kabisa. Wahusika wake wengi wanajua vizuri wametoka mji gani. Wasichokijua ni kilichotokea ndani ya nyumba waliyozaliwa.

Hoja yangu ni hii: kwa Gurnah, mtu huanza kupotea akiwa bado kwao, siku wakubwa wanapoamua kunyamaza. Safari ya Uingereza huja baadaye, na aghalabu inazidisha tu jeraha ambalo tayari lipo. (Kwa wanaochukia kusimuliwa siri za vitabu kabla hawajavisoma: humu nitazitoa kadhaa. Samahanini.)

Tuanze na *Paradise* ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Yusuf ana miaka 12. Tajiri Aziz akija kwao anampa hela, naye anamwita kama mtoto anavyomwita mkubwa wa ukoo. Siku moja anaambiwa afunge vitu vyake, anasafiri na Aziz. Ni hadi alipofika dukani kwa tajiri ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia, anamweleza bila kupindapinda: huyu si ndugu yako, baba yako ana deni, na wewe umewekwa rehani. Tangu hapo anatakiwa kumwita Seyyid.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida yake. Kwa Kiingereza neno ni "uncle", na "uncle" anaweza kuwa yeyote. Kwetu lazima uchague: ni ami, upande wa baba, au ni mjomba, upande wa mama? Kila jina lina haki zake na wajibu wake. Mimi nikisoma namwita Aziz ami, na ndiyo maana maneno ya Khalil yananiuma zaidi. Mtoto amepoteza wazazi, na papo hapo amegundua kwamba neno lenyewe la undugu lilitumika kufunika biashara. Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Walimwacha tu aendelee kuita.

Miaka 23 baadaye, katika *Gravel Heart* (2017), "uncle" mwingine anatokea, na safari hii ni mjomba wa damu. Salim ana miaka saba pale Masud, baba yake, anapohama nyumba na kwenda kuishi katika chumba cha nyuma ya duka. Mama yake, Saida, anampelekea chakula kila siku, na baadaye kazi hiyo anapewa mtoto. Fikiria hilo: mtoto anabeba kikapu kati ya wazazi wawili wasioishi pamoja, na hakuna anayemwambia kwa nini. Halafu mjomba Amir, mwanadiplomasia, anamchukua London akasome. Mji mzima unaona hiyo ni bahati.

Ukweli unakuja mwishoni. Amir alikuwa amekamatwa, na mtu mzito serikalini aliyeweza kumtoa alitaka malipo, na malipo hayo ni Saida. Alilipa ili kaka yake awe huru. Kwa hiyo elimu ya Salim, tiketi yake, kitanda chake kule London, vyote vimesimama juu ya ile siri. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Salim alilala ndani miaka yote hiyo na bado hakuijua.

Sasa weka pembeni *Admiring Silence* (1996) na *The Last Gift* (2011). Katika ya kwanza, msimulizi anaishi Uingereza na Emma, na ili awaridhishe yeye na wazazi wake anawabunia familia nzima ya Unguja, baba akiwemo, wakati baba halisi alitoweka. Akirudi kwao inabainika kwamba huko nako ameficha: hawajui kama ana mwanamke na binti Uingereza. Anadanganya pande zote mbili. Katika ya pili tunamkuta Abbas, baharia wa zamani mwenye miaka 63, akianguka mlangoni kwake na kupoteza sauti. Hapo ndipo familia yake ya Uingereza inaanza kutambua kwamba haimjui. Aliacha mke mjamzito Zanzibar, akakimbia kwa kushuku kwamba mimba si yake, akanyamaza miaka yote. Ukizisoma zikifuatana ni kama kisa kimoja kimesimuliwa na mtoto aliyeachwa, kisha na baba aliyeacha. Na watoto wa Abbas wamerithi ule ukimya. Hanna amejiita Anna, jina jepesi lisiloulizwa maswali.

Mtaniambia, vipi kuhusu *By the Sea* (2001)? Si pale pasipoti ndiyo kila kitu? Ni kweli Saleh Omar anaingia Gatwick na pasipoti isiyo yake. Lakini tazama jina alilochukua: Rajab Shaaban Mahmud, jamaa aliyegombana naye kwa ajili ya nyumba. Na anayeletwa kusaidia, Latif, ni mtoto wa huyo Rajab. Afisa wa uwanja wa ndege anaona hati. Latif anaona jina la baba yake limevaliwa na adui. Wazee hawa wawili wanamaliza ugomvi kwa njia moja tu, kukaa kitako na kusimuliana, kila mmoja akisikia upande ambao kwao haukusemwa.

Nina lawama yangu pia. Katika riwaya nyingi za Gurnah, mwanamke ndiye analipa gharama ya siri, halafu mwanaume ndiye anaisimulia. Kisa cha Saida tunakipata kutoka kwa Masud, mume aliyevunjika, wakati Saida mwenyewe ameshafariki. Masud anasimulia kwa huruma, sikatai, lakini tunachobaki nacho ni maumivu ya baba na mwana. Je, yeye alikuwa anawaza nini kila alipofunga kile kikapu? Kitabu kinasogea karibu na swali hilo, kisha kinalipita. Unaweza kusema hivyo ndivyo jamii yenyewe ilivyo. Sawa, ila riwaya ina uwezo wa kuingia mahali ambapo jamii inafunga mlango.

Ndiyo maana naithamini sana *Afterlives* (2020). Afiya, yatima anayelelewa na watu wanaojiita ndugu zake, anafundishwa kusoma na kuandika na kaka yake, Ilyas, kabla huyo hajajiunga na jeshi la Wajerumani. Mlezi wake anapogundua kwamba anajua kuandika anampiga hadi anamvunja mkono. Afiya anaandika kikaratasi, anakipeleka kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa anakuja kumchukua. Khalifa hana damu naye hata tone. Undugu wao unaanza na mtu mmoja aliyesema yaliyompata na mwingine aliyesikiliza. Na katika *Theft* (2025), Badar, kijana anayepelekwa kutumika katika nyumba moja Dar es Salaam na baadaye kusingiziwa wizi, anaturudisha kwa Yusuf: mtoto aliyekabidhiwa kwa watu, asiyeelezwa kwa nini yuko pale.

Kwa hiyo, ni wetu? Mimi nadhani vitabu vyake vimeshatugeuzia swali. Nani kati yetu hana mtu wa ukoo ambaye jina lake halitajwi, au picha iliyoondolewa ukutani, au mwaka ambao wazee wakiufikia wanabadilisha mada? Kwa Zanzibar mwaka huo mara nyingi ni 1964, lakini kila nyumba ina wake. Gurnah amekuwa akiuandika tangu 1987, kwa lugha ya mbali. Zile nyumba tunazitambua hata kabla hajatutajia mtaa. Kilichobaki ni kuwauliza wazee wetu wakati sauti bado wanayo. Abbas alingoja mpaka ikamponyoka, na mkewe ikabidi amnunulie kinasa sauti.