Uzi Mmoja, Sauti Nane: Viraka wa Muziki, Kutoka Karagwe Hadi Rockfield

Ubishi wa nani hasa ni kiraka katika muziki wa roki huanza kwa kuhesabu vyombo. Atatajwa Mike Oldfield, Mwingereza aliyekuwa na miaka 19 alipoanza kurekodi Tubular Bells, albamu ya 1973 ambayo karibu kila chombo alikipiga mwenyewe: magitaa, besi, piano, ogani, kengele. Atatajwa Phil Collins wa Genesis, aliyetoka nyuma ya dramu akashika maikrofoni baada ya Peter Gabriel kuiacha bendi hiyo mwaka 1975. Orodha itarefuka, na mwisho wa siku ushindi utaenda kwa mwenye vyombo vingi. Hesabu hiyo ni rahisi mno. Mtu anaweza kupiga vyombo ishirini na vyote vikasema jambo lile lile.

Kipimo changu nakichukua hapa hapa Karagwe, tena kutoka kwenye maandishi ya zamani. Mwishoni mwa 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika kwa mfalme wa Karagwe, Omukama Rumanyika, enzi hizo Nyaishozi, Bweranyange na Kyerwa yote zikiwa chini ya himaya moja. Speke aliendelea na safari ya Buganda mapema mwaka uliofuata. Grant akabaki kwa miezi kadhaa akiuguza mguu, na mgonjwa asiye na kazi huwa msikilizaji mzuri. Kumbukumbu zao za muziki wa Karagwe zimo katika kitabu cha Speke cha 1863, na sehemu inayonivutia zaidi ni ile ya enanga.

Chombo kinaelezwa kwa vipimo. Ubao mzito mweusi, umechongwa kama sinia, urefu wa inchi 22 kwa upana wa 9, au inchi 30 kwa 8. Yaani kama sentimeta 56 kwa 23, au 76 kwa 20. Chini umetobolewa matundu matatu yenye umbo la msalaba. Juu yake unapita uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi mara saba au nane kati ya ncha mbili za ubao. Wakati mwingine hufungwa kibuyu mgongoni ili sauti ikue. Nduguye Rumanyika aliombwa kumleta mpigaji bora anayemfahamu. Mtu huyo akaingia bila kutambulishwa, akaegemeza mkuki wake kwenye paa la kibanda, akatoa enanga kwapani na kuanza. Wimbo ulikuwa wa mbwa aliyependwa sana. Watu wakajaa, na kwa siku kadhaa baadaye walikuwa bado wanauimba wimbo wa yule mbwa.

Hapo ndipo uchambuzi wenyewe unapoanzia. Mpigaji alikuwa na nini? Uzi mmoja na koo moja. Alichozalisha ni kitu kilichohitaji, kwa mahesabu ya bendi ya leo, watu wanne.

Uzi ukiwa mmoja, huwezi kukaza sehemu moja bila kufikiria ya jirani, kwa hiyo kutuni enanga ni kugawa mvutano: unachovuta huku unakipunguza kule, na msuguano kwenye meno ya ubao ndio unaoshikilia kila sauti mahali pake. Sauti zinazopatikana ni chache, kwa kawaida tano zinazojirudia juu na chini. Vidole hushika mzunguko mfupi wa noti, ukarudiwa na kurudiwa, na mzunguko huo ukishajiendesha, koo linakuwa huru. Linaweza kuimba, linaweza kusimulia kwa kasi ya maongezi, linaweza kuwa mfalme, kisha mke wa mfalme, kisha mjumbe anayehema kwa mbio. Mwimbaji anapovuta pumzi, uzi unapanda mbele na kujaza pengo. Profesa M. M. Mulokozi, aliyetumia miaka mingi kuzichunguza tendi za enanga za Kagera kama Kachwenyanja, Mugasha na Rukiza, alionyesha kwamba huu ni utendi kamili, wenye mashujaa, vita na ulimwengu wake. Utendi mzima hubebwa na mtu mmoja aliyeketi.

Basi kiraka, kwa kipimo cha enanga, ni yule anayekifanya kidogo alichonacho kitumike mara nyingi. Kwa kipimo hicho hicho nitampima mzaliwa wa Zanzibar aliyefika mbali kuliko wote katika roki.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946. Babake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Mtoto alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano hadi daraja la nne na kupiga katika bendi ya shule. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury wa Queen. Wapo wanaotaka kusikia taarabu katika nyimbo zake. Mimi nikisikiliza nakuta kwaya ya kanisani, opera na nyimbo za majukwaa ya vichekesho ya London. Zanzibar ilimzaa, lakini masikio yake yalilelewa kwingine.

Kwa kuhesabu vyombo, Mercury anashindwa hata ndani ya bendi yake. Katika albamu ya A Night at the Opera, iliyotoka Novemba 1975, mpiga gitaa Brian May anapiga pia kinubi, ukulele na koto ya kuchezea watoto, na katika Good Company analifanya gitaa lake, alilolitengeneza nyumbani na babake, lilie kama bendi nzima ya jazi yenye tarumbeta na klarineti. John Deacon, mtu wa besi, ndiye aliyepiga piano ya umeme katika wimbo alioutunga mwenyewe, You're My Best Friend, na akapiga besi kubwa ya kusimama katika '39. Mercury ana piano na sauti. Piano yenyewe haikuwa ya bingwa: aliigonga kwa mapigo makali yasiyoyumba, kama mtu wa dramu.

Sasa tazama alivyoitumia. Bohemian Rhapsody, wimbo wa dakika 5 na sekunde 55, ulitungwa kwenye piano, na hilo linasikika katika funguo zake: unaanza B bemoli, unakwenda E bemoli, unaruka hadi A kwenye kipande cha opera, unarudi E bemoli pale roki inapolipuka, na unazimikia kwenye F. Wapiga vinanda wa makanisani wanazifahamu vizuri funguo za bemoli. Wapiga gitaa hawazipendi. Uzi mnene wa gitaa ni E, kwa hiyo E bemoli iko nusu hatua chini ya mwisho wa chombo, na nyuzi za wazi, ambazo ndizo uti wa mgongo wa roki, hazikusaidii. Tena rifu ile ya sehemu ya roki, ambayo kila mtu hudhani ni mali ya gitaa, ilitungwa na Mercury kwa mkono wa mpiga piano, na May akalazimika kuitafutia vidole. Kwa maoni yangu ndiyo maana haifanani na rifu za bendi nyingine za wakati ule. Imetoka kwenye chombo kisicho chake.

Kazi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, huko Wales, ambayo ni shamba lililogeuzwa studio. Mtu wa Karagwe asingejisikia mgeni. Piano, besi na dramu zilirekodiwa pamoja, na katikati ukaachwa utupu wa kujazwa baadaye. Mtayarishaji Roy Thomas Baker amesimulia jinsi Mercury alivyompigia sehemu ya kwanza kwenye piano, akasimama ghafla na kumwambia kwamba hapo ndipo opera itaingia. Wimbo mzima ulikuwa kichwani mwake, na dondoo zake aliziandika kwenye vipande vya karatasi za kazini kwa babake.

Utupu huo ulijazwa na makoo matatu: Mercury, May na mpiga dramu Roger Taylor. Deacon hakuimba. Mkanda wa studio ulikuwa na njia 24, na kwa kwaya waliyoikusudia njia 24 ni chache mno. Wakatumia njia ya kuhamisha. Tuseme watatu wanaimba mstari mmoja wa sauti ya kwanza, wanaurudia mara tatu: sauti tisa. Zote zinachanganywa na kumiminwa kwenye njia moja, njia za awali zinafutwa, kisha wanaanza mstari wa sauti ya pili. Waliimba saa 10 hadi 12 kwa siku, kwa takriban majuma matatu, na idadi inayotajwa ya sauti zilizorundikwa hufika 180.

Msomaji aliyepitia kwaya atauliza tofauti iko wapi, maana kwaya yoyote ya watu arobaini ina sauti nyingi bila mkanda. Tofauti iko kwenye mgawanyo. Katika kwaya, besi wana watu wao na soprano wana watu wao. Hapa watu wale wale watatu waliingia karibu katika kila mstari: May akitoa unene, Mercury ukali wa katikati, na Taylor akipanda noti za juu kabisa, hadi B bemoli ambayo wanaume wengi hawaioni hata kwa ndoto. Ndiyo maana kodi za kipande kile hulia kama zimetoka koo moja lenye midomo mingi. Utangulizi wa wimbo umekwenda mbali zaidi: zile sauti tano zinazopishana bila chombo ni za Mercury peke yake, ingawa katika video wote wanne wanachezesha midomo.

Njia hii ina gharama. Kila uhamisho unaongeza mvumo na kufifisha makali ya sauti, na mkanda unakwanguliwa kila unapopita kwenye kichwa cha mashine. Kufikia mwisho, mkanda wao ukiuinua kwenye mwanga ulikuwa unaona upande wa pili. Tena ukishachanganya sauti tisa kuwa moja na kufuta asili, hakuna kurudi nyuma. Aliyekosea besi atabaki na kosa lake hadi dukani. Uamuzi wa namna hiyo hautaki mwenye vyombo vingi. Unamtaka anayeusikia wimbo umekamilika kabla haujakuwepo.

Na koo lenyewe? Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchambuzi wa rekodi za Mercury. Katika maongezi sauti yake ilizunguka wastani wa 117 Hz, sauti ya baritoni, ya kati kwa mwanamume, ingawa umma unamkumbuka kama teno. Mtetemo wake alipoimba ulikuwa wa kasi, takriban mara 7 kwa sekunde, juu ya kiwango cha kawaida cha waimbaji. Kwa maneno mengine, alikuwa na koo la kawaida alilolifanyisha kazi ya makoo kadhaa. Alilolitafuta hata kwenye gitaa lilikuwa hilo hilo: mwaka 1979 alitunga Crazy Little Thing Called Love kwa gitaa ambalo alijua kodi zake chache tu, na alisema mwenyewe kwamba uchache huo ulimsaidia.

Siyo kwamba mwenye vyombo vingi hana hadhi. Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki 2003, alipiga zeze, ilimba, filimbi na ngoma, na aliimba kuanzia mngurumo wa chini hadi kilio cha juu kabisa. Peter Gabriel, yule yule aliyetoka Genesis, ndiye aliyemfungulia milango ya studio zake za Real World. Huko ilitoka Chibite mwaka 1996, na Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, mwaka 2002. Lakini ukiichunguza ilimba ya Zawose, lile sanduku lenye vijino vya chuma vya kupigwa kwa vidole, utaikuta siri ile ile. Vijino vingine havipigwi kabisa. Vimewekwa viitikie vyenyewe pale jirani zao wanapoguswa, na utando wa buibui unaoziba tundu la sanduku unaongeza mvumo. Kidole kimoja kinaamsha sauti kadhaa.

Hukumu yangu basi: ndani ya Queen, kiraka wa vyombo ni Brian May, wala hapana ubishi. Kiraka wa muziki ni Mercury, na mpigaji wa Rumanyika, aliyewaachia watu wimbo wa mbwa kwa uzi mmoja, anakaa naye meza moja.

Kwa vijana wenye studio Nyaishozi, Omurushaka na Kayanga: kompyuta yenu ina njia nyingi kuliko walizokuwa nazo Rockfield, na hakuna mkanda wa kuchakaa. Msikimbilie kurundika. Mtafuteni mpiga enanga, wekeni maikrofoni moja karibu na ubao na nyingine mdomoni, na msiilazimishe enanga ifuate piano, maana haikutuniwa hivyo. Mrekodini utendi mzima bila kumkatiza. Biti mtaiweka baadaye, kama bado mtaona inahitajika.