Sinema ya Marafiki Wawili Njiani

Sinema hii ya mwaka 2017 yaitwa kwa Kiingereza "I'll Push You", maana yake, "Nitakusukuma". Yatuonyesha Wamarekani wawili, Justin Skeesuck na Patrick Gray, marafiki tangu utoto. Ugonjwa umemlemaza Justin mikono na miguu. Mwaka 2014 Patrick alimsukuma katika kiti cha magurudumu, kilometa 800 hivi, kwenda hija kwa Mtakatifu Yakobo, huko Santiago, Hispania.

Sinema ni njema, lakini jina lake halitoshi. Milimani nguvu za Patrick zapungua, na mahujaji wengine, wasiojuana nao, washika kiti pamoja naye. Ingefaa kuitwa "Tutakusukuma". Sisi wa Masisi na Walikale twalijua jambo hilo: mgonjwa akipitishwa matopeni kwa kipoyi, hakuna abebaye peke yake, mabega hupokezana. Naye alalaye juu yake hana budi kukubali kubebwa. Kazi hiyo si ndogo, na Justin aifanya vizuri.

Basi, ukiitazama, usimsifu Patrick tu. Jiulize: Jumapili hii, nani amebaki nyumbani kwa kukosa mabega yetu?